Swali la Kulala

Kompyuta ilimshukuru Zubeida kabla hajasema lolote la maana. Maandishi yalitokea kwenye kioo chake, kijana wa utafiti wa maumivu ya kichwa aliyeitwa Mugo akayasoma kwa sauti, kisha akamsukumia bahasha ya vidonge ambavyo kwao Gitothua, mtaani Ruiru, mtoto yeyote angetumwa dukani kuvinunua.

"Tumemaliza, mama. Alama zako ziko chini. Daktari wa kichwa ataona wale wameumia sana."

"Lakini hujaniuliza kitu! Yule mama wa kwanza amekaa hapa mpaka chai yako ikapoa."

Mugo akamweleza kwa upole, na upole wenyewe ulimkera. Mashine haikuuliza kila mtu mambo yale yale. Jibu la mtu ndilo lililochagua swali la kufuata. Ikiona huna shida, haikusumbui.

Huna shida! Zubeida alihisi damu ikimpanda hadi kwenye jicho la kushoto, lililokuwa likimpwita tangu watoke Ruiru kuja kliniki hii ya Thika. Mwanzoni alikuwa ameulizwa kama kichwa kikiuma hulazimika kulala. Akasema hapana, na ni kweli: nani angekanda unga? Akaulizwa kama kazi za nyumbani humshinda. Hapo hata hakufungua kinywa. Mumewe Uthman, aliyeketi kando yake na kofia magotini, alicheka akamjibia.

"Huyu? Hata kichwa ikiuma namna gani, chapati lazima zitoke. Sijawahi lala njaa."

Naye Zubeida akanyamaza. Ndivyo alivyolelewa: mke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni. Akaulizwa kama huacha kutoka na marafiki, akatikisa kichwa tu. Marafiki gani? Kutoka kwenda wapi? Mashine ikamwona mzima.

Haikuona leso anayojifunga kichwani mpaka masikio yanakufa ganzi. Haikuona anavyogeuza chapati jicho moja limefumbwa, wala anavyotapika nyuma ya jiko, akasukutua, akarudi kusukuma nyingine. Na huyu mwanamume anazitafuna huku akisifu! Alimchukia Uthman wakati ule, akajichukia zaidi kwa kunyamaza.

"Niulize tena," alimwambia Mugo.

"Haiwezekani, mama. Majibu imeshaingia."

"Twende, mama Irshad," Uthman alisema, tayari amesimama. "Wageni wetu wa jioni watafika kabla hujapika."

Zubeida aliinuka. Akaitazama ile bahasha, akairudisha mezani. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akajilaza juu yake kwa urefu wake wote, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu. Mbao zilikuwa baridi. Akafumba macho yote mawili.

"Mama Irshad! Amka, watu wanaona."

"Waone."

"Na chakula?"

"Unga uko kwenye debe. Mafuta yako kabatini."

Uthman alibaki pale na kofia yake mkononi, asijue aivae au aketi tena. Mgonjwa mmoja alicheka, mwenzake akamnyamazisha. Bila kufumbua macho, Zubeida alinyoosha kidole kuelekea kule alikodhani mashine iko.

"Haya, kijana," alisema. "Sasa niulize kama nalala."