Asubuhi ya Hukumu Mbili

Evelina hakutaka Zabron afungwe. Alitaka karoti zake tu. Za magunia mawili ziling'olewa shambani kwake, huku Lukozi, na nyayo zikaishia uani kwa jirani yake huyo. Akaenda kushitaki, kama marehemu mumewe alivyokuwa akifanya.

Siku ya hukumu, asubuhi, mahakamani zilisomwa hukumu mbili. Samsoni, mfanyabiashara wa mbao, alikamatwa na lori la magogo ya msitu wa hifadhi. Akatozwa faini, akalipa, akatoka huku akiongea na simu. Zabron alikiri, akaomba radhi, akapewa mwaka mzima jela. Evelina alinyoosha mkono ili aseme neno. Karani akamwambia akae.

Tangu hapo kijiji kikamnyamazia. Esteria, mke wa Zabron, aliyekuwa akimwamkia kila siku, sasa alipita kimya na jembe lake begani. Kanisani, benchi alilokaa Evelina hakuna aliyekaa tena. Mwanawe Fanueli alipopiga simu kutoka Tanga, alimwambia hawajambo wote.

Mwezi wa tano, alfajiri, alisikia yowe upande wa bondeni. Akashuka mbio. Mtu mzima, mgeni, alikuwa amelala matopeni kando ya gunia la kabichi, na watu wanampiga kwa mipini ya majembe. Benjamini, jirani mwingine, alikuwa mbele. Esteria naye alikuwepo.

"Mpelekeni kwa mtendaji!" Evelina alipiga kelele.

"Tumpeleke ili iwe nini, Mama Fanueli?" Benjamini alihema. "Akiwa na hela atarudi kabla yetu. Akiwa hana, wanawe watalala njaa kama wa Zabron. Wewe si ulikuwepo?"

Evelina akajipenyeza katikati yao. Akavua kanga yake ya mabegani, akamfunika yule mtu, akamlalia. Mpini mmoja ulimpata mgongoni. Ndipo wakaacha, wakaondoka mmoja mmoja.

Alimkokota peke yake hadi zahanati, wakipumzika kila penye kilima. Mtu yule alilia njia nzima, wala hakutaja jina lake.

Mchana mtendaji wa kijiji, Anitha, alifika na daftari. "Shikamoo, mama. Nitajie waliompiga."

"Marahaba." Evelina aliitazama ile kalamu. Aliwajua wote, kwa majina na ukoo wao. Akilini akamwona na Esteria akipandishwa gari la polisi, watoto wakibaki mlangoni.

"Kulikuwa na ukungu, mwanangu. Sikumtambua mtu."

Anitha alijua anadanganywa. Akafunga daftari, akaenda zake.

Kesho yake, kisimani, Benjamini alimkuta Evelina akijitwisha ndoo kwa shida, mgongo ukimuuma. Akageuza uso, akasubiri aondoke ndipo achote. Evelina alipanda kilima taratibu, maji yakimmwagikia shingoni.