Vipimo Sita Vilivyofichwa

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kupekua mifuko ya mumewe. Lakini suruali haifuliwi na vitu mfukoni, au sivyo? Ndivyo alivyojitetea alipokikuta kikaratasi: "Vipimo kumi. Vinne vinaonekana. Sita vimekunjwa, vimefichwa. Kila kitu ni nyuzi."

Vipimo vya nani? Miaka kumi na tisa amepima mabega na viuno vya watu, na gauni la vipimo kumi hashonewi mtu hivi hivi. Tena mume, mfagizi wa chuoni, kila Jumanne anachelewa kurudi. Dalili ya mvua ni mawingu. Fundi akazitia nguo zote za mumewe begini, akalisukuma chini ya meza ya kukatia.

Jioni akamwekea kikaratasi mbele yake, juu ya meza ile ile.

"Baba watoto, huyu wa vipimo kumi ni nani?"

"Ulimwengu."

"Jina zuri. Anakaa wapi?"

Mume akaketi. "Nafagia ukumbi wa fizikia. Jumanne mwalimu anafundisha wanaoanza, nami hukaa nyuma na ufagio wangu. Anasema ukikigawa kitu mpaka basi, huenda mwisho ukakuta uzi mdogo mno, unatetemeka. Ukitetemeka hivi ni kitu hiki, vile ni kingine. Ila hesabu zake zinadai vipimo kumi. Sisi tunajua urefu, upana, kimo na wakati."

"Na sita?"

Akavuta uzi kwenye kibiringo cha mkewe. "Ukiwa mlangoni, huu ni mstari tu. Mdudu mdogo kuliko sisimizi akiupanda, anaweza kuuzunguka. Huko kuzunguka ndiko kulikokunjwa."

Fundi alielewa upesi, na kuelewa kukamuudhi.

"Kuna aliyeziona hizo nyuzi?"

"Hakuna. Hata ushahidi bado."

"Sasa ulinificha nini?"

"Nilikwambia nataka kusoma, mama watoto. Ulicheka mpaka ukajichoma sindano."

Kweli alicheka. Alikikumbuka hata kidole chenyewe.

Uzi ukamponyoka mume, akainama kuuokota. Akakawia huko chini.

"Na hili begi la nguo zangu," akasema, bado ameinama, "nalo ni kipimo kilichofichwa?"

Fundi alitaka kucheka, akashindwa.