Tangi Lililopata Moto

Egbert alirudi kijijini kwao Kiruruma kichwa kikiwa kimejaa mvi. Miaka yake mingi aliimalizia Ujerumani, akiwa mhandisi wa vinu vya kemikali, yale matangi ya kiwandani ambamo vitu huchanganywa vikageuka rangi, dawa au mbolea. Mkewe, Adelgunda, alibaki akimuuguza mama mkwe na kutunza kibanja, shamba lao la migomba. Kila likizo Egbert alimwambia, "Nikistaafu nitakaa na wewe mpaka unichoke."

Alistaafu, akaja, akakaa barazani. Lakini asubuhi alitazama saa na kusema, "Saa hizi zamu inaingia." Adelgunda alimmiminia chai. Alikuwa amemsubiri ujana wake wote, na aliona kwamba bado anamsubiri.

Adelgunda na jirani yake Felicitas walikuwa na kikundi cha wanawake waliotengeneza mvinyo wa ndizi. Zamani waliuchachusha kwenye ndoo, ukatoka vizuri. Msimu huo walipata tangi kubwa. Walifuata vipimo vilevile, mvinyo ukaharibika. Walipojaribu tena, Adelgunda aliligusa tangi, akashtuka. Mchana, wakila matoke, alimwambia mumewe.

"Tangi letu lina joto, Baba Benitha. Wala halijaanikwa juani."

Egbert aliacha kula. "Twende."

Aliweka viganja vyote viwili kwenye tangi, kama anayempima mtoto homa. "Juisi ikichachuka inatoa joto," alisema. "Kwenye ndoo, linatoka nje kupitia ubavuni. Humu, katikati ni mbali na ubavu. Joto linakosa njia, hamira inakufa."

Alitafuta bomba jembamba, akalizungusha mizunguko mingi, akalitumbukiza katikati ya tangi. Maji ya chemchemi yakapita ndani yake na kutokea migombani. Adelgunda hakuwahi kumwona hivyo: mikono myepesi, akipiga mluzi.

"Hiki ndicho nilichobuni kule," alisema. "Wenzangu walikuwa wanapoza ukuta wa kinu. Mimi nikapeleka ubaridi katikati, kwenye moto wenyewe. Mwaka ule mama alipofariki, ndipo tulipokuwa tunakiwasha kinu hicho mara ya kwanza."

Adelgunda aliukumbuka mwaka ule. Yeye ndiye aliyesimama kaburini mahali pa mwana.

"Ulisema una kazi," alisema. "Hukusema kazi gani."

"Nilidhani hutaelewa."

"Umenieleza sasa hivi, nimeelewa."

Egbert alishusha macho. Maji yalisikika yakimwagika migombani. "Nisamehe," alisema.

Mvinyo ule ulitoka mzuri. Felicitas aliuonja, akamwita Egbert fundi wa kikundi, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Felicitas na wenzake walipoondoka, Adelgunda alivuta kigoda akakaa karibu yake.

"Niambie siku mliyokiwasha."

Egbert alimsimulia: kelele za pampu, theluji dirishani, yeye na wenzake waliosimama nyuma ya kioo wakiogopa kupumua, na sindano ya kipimajoto iliyopanda, ikasita, ikatulia. Alisema alitafuta mtu wa kumkumbatia, akaishia kumpa mkono msimamizi wake.

Adelgunda alisogeza kigoda karibu zaidi. Alimtamani kijana yule wa nyuma ya kioo, aliyekuwa mumewe na ambaye hakuwahi kumwona. Akauchukua mkono wa mzee aliyekuwa naye, akaushika.

"Endelea," alisema.