Sahani ya Msikilizaji

Jumatano, baada ya adhuhuri, Maleka alikuwa akipakua wali na kuku wa kupaka nyumbani kwake Kibokoni alipomwona mwanamume ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja vibaya, hedifoni masikioni. Mlango ulikuwa na komeo. Maleka alisogeza jagi la maji, akaenda jikoni kuongeza sahani.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Kwetu hapa, aliyesikia sahani zikilia hukaribishwa."

Mgeni huyo alikuwa Barnabas, mkaazi wa Buxton, mtumishi wa ofisi moja ya serikali isiyo na kibao, juu ya ghala huko Shimanzi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza simu za watu bila wao kujua, na wiki hiyo alipewa simu ya Shoaib, mwanawe Maleka, ambayo ilisikika hata ikiwa imezimwa. Kila alipovaa hedifoni, mwili wake ulibaki kwenye kiti Shimanzi na ukawa pia kwenye mkeka Kibokoni. Wenzake ofisini waliona tu kwamba ananukia bizari na kwamba mkanda umeanza kumbana.

Alikuja kila siku. Alikula kwa adabu na hakusema neno, maana alikuwa ameapa kutotoa siri za kazi. Shoaib alimpisha upande wa feni. Shoaib alikuwa fundi wa simu, na kosa lake lilikuwa kuuliza hadharani wako wapi vijana wawili wa Bondeni waliochukuliwa na gari lisilo na namba. Maleka naye alipogundua kwamba mgeni hapendi achari ya ndimu, aliacha kuiweka karibu naye.

Nyumba nyingine nazo zilikuwa na wasikilizaji wao mikekani, na mtaa haukukubali kuachwa nyuma.

"Wangu mimi yuwala kama mtu asiye na kwao," alisema jirani, Mwanakuu, kwa fahari. "Samaki mzima, na kitwa chake!"

Ikafika mahali nyumba isiyo na msikilizaji ikaona haya. Mzee Sattar wa duka la vitambaa alilalamika kwamba yeye hupiga simu kutwa na hajaletewa hata mmoja.

Kilichoharibu mambo ni salamu. Mombasa salamu haikatwi njiani. Utaulizwa mke, utaulizwa watoto, utaulizwa kazi, nawe utajibu njema hata kama paa linaungua. Jumatatu Maleka aliuliza kama kawaida.

"Mama watoto hajambo?"

Barnabas aliinamisha kichwa kukubali.

"Na kazi je?"

Barnabas alirudisha tonge sahanini. Asubuhi ile ofisini alikuwa amesikia amri ikitolewa: Shoaib achukuliwe leo baada ya alasiri, kwa gari lile lile lisilo na namba. Alikumbuka kiapo. Alikumbuka jela, na mkewe Nasipwondi, na aliogopa. Lakini alikuwa amekula chumvi ya nyumba hii, na aliyempakulia alikuwa mbele yake akingoja jibu.

"Kazi si njema, mama," alisema. "Leo baada ya alasiri wanakuja kumchukua Shoaib."

Kwa kuwa mdomo ulikuwa mmoja, maneno yalisikika Shimanzi vilevile. Msimamizi wake aliinuka kitini. Barnabas aliona maji yamekwisha kumwagika, hayazoleki, akaendelea kwa sauti kubwa: akataja nyumba zote zinazosikilizwa, moja baada ya moja, mpaka mkono wa mtu mwingine ulipomvua hedifoni. Akatoweka mkekani, na tonge lake likabaki.

Hapo mtaa ukachemka! Maleka alitoka barazani akaita, na Mwanakuu akadakia kwa sauti iliyofika Ngome:

"Ndooni nyote! Ndooni na masufuria yenu!"

Wakaja na mahamri, na mbaazi, na viazi vya karai, kama watu waliokuwa wakiingoja harusi hii mwaka mzima. Wasikilizaji nao wakaja, kwani simu zilikuwa mifukoni mwa wenyeji wao na hawakuwa na budi kuzifuata. Ilipofika alasiri kichochoro kilikuwa kimejaa watu wa kuonekana na watu wa hedifoni, wote na sahani mkononi. Gari lilikuja, likakwama penye mdomo wa kichochoro. Watu wa gari walitafuta pa kumchukulia mtu bila kuonwa, wakapakosa. Mmoja wao aliwatambua wenzake wa ofisini, akawapungia mkono, kisha gari likarudi kinyumenyume. Jamani, vigelegele vilivyopigwa! Maleka alimshika Shoaib shati, na hakuliachia hata alipokuwa akicheka.

"Lakini yule msikilizaji wako aliapa," alisema Mzee Sattar, kachori mkononi. "Anayetoa siri ya serikali leo, kesho atatoa yako."

"Yangu aliijua yote, Sattar bhai, na hakumwambia jirani hata mmoja," alisema Maleka. "Na asingesema, mwanangu angekuwa wapi sasa hivi?"

"Kiapo ni kiapo," alisema Sattar. Kisha akamtazama Shoaib akimiminia watu chai, akala kachori yake.

Barnabas alishtakiwa kwa kutoa siri, akaachiliwa kwa dhamana angoje kesi. Kwa kusikiliza hakushtakiwa mtu. Vijana wa Bondeni hawakurudi, na Shoaib aliendelea kuuliza waliko. Jumatano, baada ya adhuhuri, mwanamke aitwaye Trizah aliketi kwenye mkeka wa Maleka, hedifoni za Barnabas masikioni, na Maleka akaenda jikoni kuongeza sahani.

Jioni hiyo, Buxton, Nasipwondi aliweka ugali na kunde mezani, akakuta kiti cha tatu kina mtu. Alikuwa Mumo, ambaye kwa miaka mingi meza yake ofisini ilikuwa imepakana na ya Barnabas. Alikuwa amevaa hedifoni na aliangalia chini.

"Karibu, Mumo," alisema Barnabas, akamkatia ugali.

Mumo alinawa, akala. Nasipwondi alimsogezea kunde.

"Nyumbani hawajambo, shemeji?" aliuliza. "Na kazi je?"

Mumo alimtazama Barnabas, kisha akaitazama sahani yake.

"Njema," alijibu.