Gari Lililopiga Magoti

Ukiliwasha liliinuka, ukilizima likapiga magoti. Lililetwa Same kutoka Ulaya, limeshatumika, mwaka soko lilipofunguliwa na wenye fedha wakaanza kutambiana barabarani. Sisi mafundi tulizoea springi, chuma kisichojali kama injini inanguruma au imelala. Hili lilibebwa na mafuta yaliyosukumwa na pampu ya injini. Makorongo ya Shighatini lilipita kama liko juu ya godoro, na mdogo wangu Lukasi, fundi mwenzangu, alilipenda mno.

Alikufa chini yake. Bomba la mafuta hayo lilikuwa linavuja, akaingia uvunguni kutafuta tundu huku injini ikinguruma. Niliwaambia watu kwamba injini ilizimika yenyewe. Wakaamini, maana petroli ya siku hizo ilikuwa chafu.

Miezi minane baadaye mwenye gari aliniagiza ning'oe pampu yote, nifunge springi za kawaida. Nilifanya kazi peke yangu, na kila nilipolala chali nilimsikia Lukasi akipumua pembeni yangu. Niliogopa, sifichi.

Nilipomaliza, mjane wa Lukasi, Esta, alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Esta."

"Wanasema sasa halishuki tena."

"Halishuki. Hata likizimwa, linabaki hapo hapo."

"Basi liwashe. Halafu ulizime, nione."

Nikaingiza mkono dirishani, nikaliwasha. Tangu miaka ya foleni na vibali vya petroli, mkono huu haukuvumilia injini iungurume bure. Tulikuwa tukiteremka milima ya Ugweno injini imezimwa, ili tuokoe kikombe kimoja tu. Na siku ile, Lukasi akiwa uvunguni, niliinama dirishani hivi hivi, nikazima. Sikufikiri. Ilikuwa mazoea.

Sasa mkono ulikataa. Vidole viliung'ang'ania ufunguo, injini ikaendelea kunguruma.

Esta aliacha kulitazama gari, akautazama mkono wangu. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaja taratibu, akaweka kiganja chake juu ya vidole vyangu, akageuza ufunguo.

Gari halikutikisika. Gereji ikawa kimya kabisa.

"Aliita?" Esta akauliza.

Miezi minane nilikuwa nimeimeza sauti ile.

"Aliita. Alisema, 'Kaka, washa.'"

Hakuuondoa mkono wake.