Namba Nyuma ya Kiti

Flavia alikuwa anakuja tena. Walburga alimwona tangu akiwa kule chini kwenye mibuni, kitenge kiunoni, bakuli lenye mfuniko mkononi, anapandisha kilima cha Mapera taratibu kama mtu anayerudi kwake. Jana alikuja. Juzi alikuja. Na leo huyu hapa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," alijibu Walburga, ile karibu ya kukwambia pita kama umeamua kupita.

"Baba ameamkaje, dada?"

"Ameamka."

"Nimemletea supu ya magege, wametoka ziwani asubuhi hii. Jana aliniambia angependa magege."

Walburga alilipokea bakuli kwa vidole viwili. Hivi baba alimwambia saa ngapi? Mbona yeye bintiye, anayemgeuza kitandani na kumfulia mashuka, hakuambiwa habari ya magege?

Sasa usije ukamwona Walburga mkorofi bure. Kumwona mgonjwa si kosa, Mapera wala kwingineko. Ukipita nyumba yenye mgonjwa bila kuingia, wewe ndiye utasemwa. Tena mgonjwa mwenyewe ni Mzee Xavery, katekista mstaafu, aliyefundisha ubatizo nusu ya watu wa milima hii. Hospitali walikwisha kumrudisha nyumbani, wakasema moyo umechoka, mtunzeni tu. Watu walikuwa wanakuja, wanasali, wanaondoka. Hakuna neno.

Lakini Flavia alikuwa anafanya kazi gani? Hapo ndipo penye maneno.

Flavia alikuwa mtu wa Kihagara, kule ziwani, aliyeolewa Mapera akafiwa na mume mapema. Mwaka huo alikuwa ameanza kukodisha turubai, viti vya plastiki vya bluu na masufuria makubwa. Viti vipya, turubai jipya, na hakuna anayemjua. Ndipo alipokwenda Mbinga mjini kwenye mafunzo ya akina mama, akafundishwa na afisa maendeleo mmoja, Lusekelo, kijana kutoka Tukuyu mwenye maneno matamu. "Huna hela ya redio?" Lusekelo aliwauliza. "Sawa. Mdomo unao, miguu unayo, ukuta wa nyumba unao. Andika namba yako kila mahali. Azimisha bure siku moja pale penye watu wengi. Na mfuate mteja wako alipo, usimsubiri."

Jamani, Flavia aliyashika yale maneno kama katekisimu! Alinunua rangi nyeupe, akaandika jina na namba ya simu nyuma ya kila kiti. Siku ya Komunyo ya Kwanza akaazimisha parokia viti vyote bila malipo. Na wewe unajua mahubiri yakirefuka huna pa kuangalia ila mgongo wa kiti cha mwenzako, kwa hiyo watu walitoka kanisani wameijua ile namba kuliko somo la pili. Alituma picha za turubai kwenye kundi la kwaya kwenye simu, mpaka mwalimu wa kwaya akamwambia mama, hapa ni nyimbo tu. Watu walicheka, wakampenda.

Kisha ikaingia Kwaresima. Harusi hakuna, kipaimara hakuna. Imebaki shughuli ya aina moja tu.

Aliyetia sumu alikuwa jirani, Marselina, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki. Alikuja kuomba chumvi, akabaki mlangoni. "Dada Walburga, mimi sisemi kitu. Ila nauliza. Waliambiwa wamfuate mteja alipo, si ndiyo? Muuza daftari mteja wake yuko shuleni. Sasa huyu wa turubai la msiba, mteja wake yuko wapi?" Akainua kidevu kuelekea chumba cha mgonjwa. "Mimi sisemi kitu."

Tangu siku hiyo Walburga hakupata raha. Kila Flavia alipoingia kwa mzee, yeye alipata kazi ya ghafla karibu na dirisha. Akawa anasikia minong'ono, mara kicheko cha baba, mara kimya. Akiingia, wanaanza kuongea habari ya mvua. Roho ilimwuma. Baba anacheka na mgeni wa ziwani, na yeye bintiye anaambiwa tu "asante mwanangu, nimeshiba."

Na siku hii ya supu ya magege ndiyo iliyoharibu kila kitu. Flavia alipotoka chumbani hakuondoka. Walburga, akiwa jikoni, alichungulia kupitia ufa wa mlango. Flavia alisimama katikati ya uwanja, akatazama juu kwenye matawi ya mparachichi, akatazama kona ya nyumba. Halafu akatoa kamba mfukoni, akafunga ncha moja kwenye shina, akaivuta mpaka ukutani.

Damu ilimchemka Walburga, akatoka na mwiko mkononi.

"Unapima nini?"

Flavia alishtuka, kamba ikamponyoka. Akatupa jicho kwenye dirisha la mzee, halafu akatazama chini. "Naangalia tu, dada."

"Unaangalia tu na kamba? Baba yangu bado anapumua, wewe unampimia uwanja wa matanga! Huna haya? Ndiyo maana huishi kuja hapa! Unakuja kumwangalia kama amekwisha iva!"

"Dada, si hivyo."

"Ni vipi? Sema!"

Flavia alifungua mdomo, akaufunga. Na kwa Walburga, mtu asiyekuwa na la kusema amekwisha kukiri. Alirudi jikoni, akalichukua lile bakuli la supu akalimwaga uwanjani mbele ya macho yake, na kuku wakaja mbio. Flavia aliokota kamba yake, akateremka kilima bila kugeuka.

Ingeishia hapo, ingekuwa afadhali. Lakini Jumamosi kwenye jumuiya, sala zilipokwisha na mwenyekiti akauliza kama kuna matangazo mengine, Walburga alisimama. "Mwenye mgonjwa nyumbani afunge mlango," alisema. "Kuna mtu anazunguka na supu, kumbe anatafuta wateja wa viti vyake. Kwangu nimemkuta anapima uwanja na kamba. Mimi nimesema, mwenye masikio amesikia." Akaketi.

Wee! Lile nalo lilikuwa tangazo, na halikumgharimu mtu hata senti. Kabla ya Jumatano lilikuwa limefika Namswea, na madereva wa bodaboda walilishusha mpaka ziwani. Kila aliyelibeba alilitia chumvi kidogo. Wengine walisema Flavia ananong'ona na viti vyake. Wengine walisema akikupikia, ujue zamu yako imefika. Familia moja ya Namswea ilipofiwa, waombolezaji walikaa juu ya mawe na matofali kuliko kukalia kiti cha bluu. Watoto wakimwona njiani walikimbia.

Walburga alijisikia ameshinda. Ushindi wenyewe haukudumu, maana baba aliacha kula. Uji hapana, ndizi hapana. Alikuwa amelala anatazama mlango.

"Flavia amekwenda wapi?" aliuliza hatimaye.

"Nimemfukuza, baba."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasubiri ufe!"

Ndiyo, alilitamka. Yeye aliyekuwa ameikataza nyumba nzima kulitaja neno hilo mbele ya mzee. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee Xavery alimtazama, halafu mabega yake membamba yakaanza kutikisika. Walburga alidhani ni kikohozi. Kumbe anacheka.

"Hata mimi nasubiri, mwanangu. Niinue kidogo." Alipokwisha kuegemezwa kwenye mto, akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemwambia apime uwanja, nijue turubai litaenea au wakate yale matawi ya mparachichi. Unakumbuka tulivyomzika mama yako?"

Kukumbuka? Walburga hakuwa amesahau hata siku moja. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na uwanja mzima hakukuwa na pa kujificha. Wazee walisimama na majani ya migomba vichwani. Kwaya ya Namswea iliondoka bila kula kwa sababu hapakuwa na pa kuwakalisha. Mama mkwe wake mwenyewe aliteleza kwenye tope mbele ya watu. Na yeye Walburga alikuwa anakimbia huku na huku na sahani, amelowa chapachapa, hakupata hata nafasi ya kumlilia mama yake.

"Nilikuona siku ile," mzee alisema. "Nikasema yangu haitakuwa hivyo. Nikamwambia Flavia, mwanangu, mimi najulikana. Siku yangu watakuja watu kutoka Namswea mpaka Kihagara. Wewe leta turubai na viti bila malipo, na watu wote hao wataona namba yako. Mimi nitakuwa tangazo lako. Tukakubaliana. Nikamwapisha asikwambie, maana wewe ukisikia habari ya kufa unakimbilia jikoni."

Walburga hakukimbilia jikoni. Aliketi palepale sakafuni, akalia. Alijionea aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa Flavia. Alimkuta ameinama ukumbini, viti vimepangwa mpaka karibu na dari, kitambaa na chupa ya petroli mkononi. Alikuwa anafuta namba. Viti kadhaa vilikuwa tayari vitupu, mgongoni pamebaki ukungu mweupe.

"Baba ameniambia," Walburga alisema. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea vibaya."

Flavia aliendelea kusugua. "Nimekusamehe, dada. Yupo mwenye gari Mbinga anataka kuvinunua, ila hataki vyenye jina langu."

"Na ahadi ya baba?"

Hapo Flavia aliacha kusugua. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa petroli. "Nitaitimizaje? Hebu fikiri. Siku ya msiba nikija na turubai kwenu, watu watasema nini? Watasema Walburga alituambia, na kweli huyo amekuja kuvuna. Wataninyooshea kidole mbele ya jeneza. Nampenda yule mzee. Lakini siwezi."

Kila alilotaka kulisema Walburga alikwisha kuliharibu yeye mwenyewe. Akavitazama vile viti, vingine vina jina na vingine havina.

"Basi usivilete siku ya msiba," alisema. "Vilete Jumamosi hii."

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa Mzee Xavery, na paroko angekuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Watu walipopandisha kilima, walilikuta turubai limesimama uwanjani, limeenea sawasawa chini ya mparachichi, na viti vya bluu vimepangwa. Wakasimama pembeni, kwenye ua. Hakuna aliyeingia. Wanawake walishikana mikono. Ilionekana kama wote wamekuja kuchungulia ajali.

"Kwani mzee amekwisha kufa?" mtu mmoja aliuliza.

"Mimi pale sikai," Marselina alisema kwa sauti. "Kiti kinaita."

Flavia alikuwa nyuma ya nyumba, hakuthubutu kujitokeza.

Ndipo Walburga alipotoka ndani amemshikilia baba yake. Mzee amevaa koti lake la ukatekista, limekuwa kubwa kuliko yeye. Walikwenda polepole mpaka safu ya mbele, na akajishusha kwenye kiti. Akapumzika. Kisha akawatazama waumini wake.

"Mbona mmesimama? Mnaniogopa mimi au mnaogopa plastiki?"

Mmoja alicheka, akanyamaza haraka.

"Niliyemwita Flavia ni mimi," mzee alisema. "Viti hivi ni vya msiba wangu. Nimeona nivikalie kwanza, nisije nikadanganywa." Safari hii wengi walicheka. Akamgeukia bintiye. "Haya. Maliza wewe. Mimi pumzi yangu ni ndogo."

Walburga alikuwa hajajiandaa. Alitazama nyuso zilezile alizozisemesha Jumamosi ile nyingine. Akapiga moyo konde.

"Niliwaambia uongo," alisema. "Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikuuliza. Flavia hakuja kutafuta msiba hapa. Alikuja kwa sababu baba yangu aliniona nikilowa siku tulipomzika mama, na hakutaka nilowe tena. Mliposikia mabaya yake, mliyasikia kutoka kwangu. Basi na hili lisikieni kutoka kwangu." Akavuta kiti kilichokuwa karibu, kimoja kati ya vile ambavyo Flavia hakuwahi kuvifuta, akakigeuza mgongo uwaelekee. Akaanza kuisoma ile namba, tarakimu moja moja, kwa sauti iliyokuwa inakatika.

Waliosimama kwenye ua walinyoosha shingo.

"Rudia, mwanangu," mzee alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Mwenyekiti wa jumuiya akaingia chini ya turubai, akavuta kiti, akaketi. Wakafuata wengine.

"Tena."

Akarudia mara ya tatu, huku machozi yanamshuka, na sasa hakuwa anatazama kiti. Marselina aliketi wa mwisho, ukingoni mwa kiti, simu mkononi, anaandika. Flavia alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kitenge usoni.

Mzee Xavery alifariki baada ya Pasaka, usingizini. Walburga alimfumba macho, akakaa naye kidogo, kisha akachukua simu akaibonyeza namba ile kutoka kichwani, bila kuitafuta popote. Walikuja watu kutoka Namswea mpaka Kihagara. Mvua ilinyesha tangu asubuhi mpaka wakati wa kwenda makaburini, na muda wote huo Walburga alikuwa ameketi kwenye kiti, mahali pakavu, anamlilia baba yake.