Stelingi wa Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya sinema ile tuliitafsiri wawili, kipaza sauti kimoja, tumebanana nyuma kabisa ndani ya banda la video. Mwenzangu, Kinanda, alikuwa sauti ya stelingi, yule shujaa wa sinema. Mimi nilipewa waliobaki: maadui, polisi, wanawake na mbwa. Nilikufa mchana, nikafa tena jioni, na hakuna aliyewahi kunipa pole.

Kinanda hakutafsiri tu, alichomekea ya kwake. Stelingi ananing'inia darajani kwa vidole, risasi zinamwagika, yeye anasema taratibu: "Mama, kuleni tu, mimi nitachelewa." Banda zima hoi. Mama yake mwenyewe alikuja kuisikia, akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwani kujifutia machozi. Tukairekodi hivyo hivyo.

Kisha homa ikamwondoa Kinanda, wiki haikuisha. Watu husema stelingi hafi. Waseme.

Sehemu ya pili ilipotoka, bosi akanikabidhi na sauti ya stelingi. Onyesho la kwanza, mchana, namwona mama yake Kinanda anaingia na gauni lake la kutokea, anajipenyeza benchi la mbele katikati ya vijana.

"Mama, leo umetufuata kwenye mabomu?" nikamtania.

"Nimesikia imetoka nyingine, na stelingi ni yule yule."

"Ni yule yule."

"Basi nimekuja kumsikia mwanangu. Ile ya kwanza alisema atachelewa. Nijue na huku anasemaje."

Alijua mwanawe amekufa, tulizika naye. Ila alidhani sauti inafuatana na sura, na kwamba Kinanda alishazitia sauti sehemu zote, kama mpishi anayepika sufuria nzima kisha anapakua kidogo kidogo. Ningemwambia pale pale. Mdomo wangu huu usiojua likizo, siku hiyo ukaishia kupuliza kipaza sauti.

"Anza, watu wanangoja," bosi akasema.

Sinema yenyewe, tusidanganyane, haiifikii ile ya kwanza hata magotini. Kule stelingi alikuwa na bastola moja, gari bovu na woga usoni. Aliruka ukuta akachechemea mpaka mwisho. Huku ana helikopta tatu, anatoka motoni shati halina hata kunjo.

"Huyu kapigiwa pasi humo humo," kijana mmoja akasema.

Stelingi nilimsemesha kwa sauti yangu mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio iliyopotea. Kila stelingi alipofungua mdomo, mama alisogea mbele kidogo. Nilipoongea, akarudi nyuma.

Nikashindwa kuvumilia. Mwishoni stelingi anafika kwao, anafungua mlango. Sauti ya Kinanda naiweza. Nimemtania nayo miaka. Nikaitoa: "Mama, nimefika. Kimebaki chochote?"

Banda likalipuka kwa makofi. "Kinanda huyo," wakasema.

Mama hakutazama tena skrini. Alishasimama. Akageuka polepole, macho yakapita juu ya vichwa vya watu mpaka yakanikuta mimi, na kipaza sauti mdomoni. Akakaa.

Watu walipotoka alikuja nyuma. Nikamwachia nafasi kwenye benchi, hakuitaka.

"Uliposema amefika, miguu ilishainuka," akasema. "Sikuiambia."

"Nisamehe, mama. Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka, baba. Una moyo mzuri." Akanishika bega. "Lakini usimrudishe tena. Mwache huko huko anakochelewa."

Akaenda zake. Nje watu wa onyesho la jioni walikuwa wanasukumana mlangoni, bosi anawapanga.

Nikaanza upya: helikopta, moto, shati. Tulipofika kwenye ule mlango, nikakilaza kipaza sauti mapajani. Stelingi akaingia, midomo ikacheza, akaongea lugha ya kwao.

"Wewe mtafsiri, umelala?" wakaniuliza kutoka mbele. "Anasemaje hapo?"

"Sijui," nikasema.